Rangi ya Boti kwenye Mlango wa Sebule

Kuna watu hapa Kalemie ambao hawajui jina langu la ubatizo, lakini ukiwatajia yule mama aliyejifungia kwa rangi siku ya kuposwa binti yake, watakuonyesha mpaka nyumba, na wengine watakusindikiza huku wakicheka njia nzima. Kwa hiyo naona heri niieleze aibu yangu mwenyewe, maana wakiieleza wao wanaongeza chumvi (eti nililia, sikulia, ilikuwa ni harufu ya rangi machoni). Mimi ni Mama Furaha, nakaa mtaa wa Kataki, na nyumba yenyewe bado ipo, ukitaka kuja kucheka karibu, chai haikosekani.

Yote yalianza na wivu, na sitaki kuupa jina lingine. Mama Clarisse ni dada mkubwa wa mume wangu, na anakaa ng'ambo ya njia, mlango wake unautazama wangu, kiasi kwamba yeye akikaanga vitunguu mimi ndiye ninayekohoa. Zamani nyumba zetu zilikuwa sawa tu, matofali yaleyale, mabati yaleyale, milango ileile ya mbao iliyopauka, na tuliishi kwa amani kwa sababu hapakuwa na cha kutazama. Halafu akaenda Lubumbashi kumtembelea mtoto wake, akarudi na picha kwenye simu, na haukupita muda akaanza kupaka. Kuta akazipaka rangi ya maziwa, sawa, kila mtu anapaka kuta. Lakini milango ya ndani na nje akaipaka kijani kilichokolea, kijani cha sombe iliyoiva, yale majani ya muhogo, na fremu, yaani zile mbao zinazozunguka mlango, akazipaka nyeupe kabisa, na zile mbao nyembamba zinazopita chini ya ukuta nazo nyeupe, hadi ukiingia sebuleni mwake unaona kila mlango umesimama peke yake kama mtu aliyevaa suti.

Siku ya kwanza nilipoiona nilisema "ni nzuri" kwa sauti ya mtu anayeumwa jino. Nilirudi nyumbani, nikaketi, nikautazama mlango wangu wa sebule, nao ukanitazama, na sote wawili tukaona haya. Kuanzia hapo sikupumzika. Akina mama wa kwaya wakawa wanapitia kwake baada ya mazoezi, eti kunywa maji (kwani kwangu hakuna maji?), na kila mmoja anasimama kwenye ule mlango wa kijani, mkono kiunoni, anapigwa picha, hata mimi nilipigwa, moja tu, nikaifuta usiku huohuo. Na mume wangu, mtu mpole asiyejua hatari ya mdomo wake, jioni moja akarudi kutoka kwa dada yake, ambaye sote tunamwita yaya, yaani dada mkubwa, akavua viatu, akasema, "Mule ndani kwa yaya, macho inapumuzika." Nikamwuliza hapa kwangu macho yake yanafanya kazi gani, yanalima? Akachukua redio akatoka nje.

Sasa mambo yakiwa hivyo, ndipo akaja Gaston. Gaston ni mwalimu kule Moba, safari ya boti kutoka kwetu, kijana mtaratibu anayesalimia mpaka mbuzi, na alikuwa amempenda Furaha wangu kwa muda mrefu, na Furaha naye alikuwa akimpenda hadi anaunguza wali. Ukoo wa Gaston ukatuma habari kwamba wanakuja kupiga hodi. Kwetu siku ya kupiga hodi siyo mchezo, ingawa inafanywa kama mchezo. Watu wa kijana wanakuta mlango umefungwa, wanabisha, na ndani anakaa msemaji wa ukoo wa binti anayewasumbua kwa visingizio: hatuwajui, mwenye nyumba amelala, ufunguo umepotea. Wao wanabembeleza, wanataja walichobeba, watu wanacheka, na mwisho mlango unafunguliwa. Lakini mlango usipofunguliwa, basi, jibu limetolewa. Wageni wanabeba vitu vyao wanarudi walikotoka, hakuna ugomvi, hakuna maelezo, na binti huyo hawamwulizii tena.

Ukoo ukakutana kupanga. Papa Kabange, baba mdogo wa mume wangu, ambaye ndiye msemaji wetu kwa mambo yote (anaongea vizuri na anajua hivyo), akajikohoza akasema, "Miye naona tuwapokelee kwa Mama Clarisse. Kule kuko propre, kuko safi. Milango iko ya kuonekana." Watu wote wakaitikia kwa vichwa, na mume wangu naye, namwona kwa jicho langu, kichwa chake kinashuka na kupanda. Mama Clarisse akatazama kucha zake akasema, "Ni kama munavyopenda. Nyumba yangu ni yenu."

Hapo ndipo nilipokata shauri ambalo nimekuwa nikilijutia. Nilisema binti nimemzaa mimi, na hodi yake itapigwa kwenye mlango wangu, na kama ni rangi hata mimi nina mikono. Wakaniachia. Kitu pekee walichompa Mama Clarisse ni kukaa na bibi harusi, kwa kuwa yeye ndiye shangazi, na ni kazi ya shangazi kumvisha binti na kumficha mpaka aitwe. Nikakubali, huku moyoni nikihesabu hilo kama nusu ya ushindi.

Nikanunua rangi ya mafuta sokoni. Nilichagua buluu kwa milango, buluu ya sketi za shule, na manjano kwa fremu, manjano ya kidumu cha mafuta ya mawese, kwa sababu nilitaka tofauti ionekane, siyo kunong'ona kama ile ya Mama Clarisse. Nilipaka mlango wa mbele upande wa ndani (upande wa nje nilikuwa nimeshaupaka mapema na ulikuwa umekauka vizuri), nikapaka na mlango wa korido unaotoka sebuleni kwenda vyumbani, fremu zote, na zile mbao za chini. Nilifanya mwenyewe, nimefunga kitambaa kichwani, na niseme kweli, nilipomaliza nilirudi nyuma mpaka ukutani kutazama, na sebule yangu ilikuwa inapiga kelele za furaha. Vyote vikakauka, vikang'aa. Kama ningeishia hapo, leo ningekuwa mtu wa kuheshimika.

Kesho yake ilikuwa ndiyo siku yenyewe, na asubuhi Mama Clarisse akaja kumchukua Furaha. Akasimama katikati ya sebule, kitenge kipya, mkoba mkononi, akazungusha macho polepole. Nilikuwa nangoja neno moja tu. Akasema, "Umejaribu, Mama Furaha. Umejaribu sana." Kisha akaushika mlango wa mbele ambao ulikuwa wazi, akapitisha kidole pembeni, pale kwenye ukingo, ule unene wa mbao ambao huuoni mlango ukifungwa, akasema, "Ila hapa kulibaki rangi ya zamani. Wakifungua, watu wa Moba wataona. Lakini haina neno, hawataangalia." Akamshika Furaha mkono wakavuka njia.

Haina neno. Nyinyi mnajua kwamba mwanamke akikwambia "haina neno" kwa sauti ile, kuna neno. Nilikwenda nikatazama ule ukingo, na kweli, kulikuwa na kahawia ya zamani, kama jino bovu kwenye tabasamu, na mlango wa korido ulikuwa vilevile. Nikaona wageni wote wa Moba wamepanga mstari wanainama kutazama ule ukingo. Manjano yangu ilikuwa imekwisha, brashi nimeikamua mpaka tone la mwisho, na muda wa kwenda sokoni hakuna. Ndipo nikakumbuka kopo la chini ya kitanda.

Mume wangu anatengeneza boti za mbao kule ufukweni, na kopo lile lilikuwa la kazi yake. Nililifungua, nikakuta manjano nzuri kuliko ile ya kwanza, nzito, inavutika kwenye kijiti kama asali. Nikafurahi, nikasema Mungu hamtupi mama yake Furaha. Mume wangu mwenyewe hakuwapo, alikuwa ameenda bandarini kusikiliza habari za boti ya wageni, hivyo hakukuwa na wa kumwuliza, na hata angekuwapo nisingemwuliza, maana angesema niache. Nikapaka kingo zote za milango miwili, na ule mfereji wa fremu ambamo mlango unaingia ukifungwa. Nikapaka nzito, tena mara mbili, ili Mama Clarisse akipitisha kidole chake akose cha kusema.

Mume wangu akarudi anakimbia, boti imeonekana, wageni wanakuja, vaeni. Akapita mlangoni huku nikimzuia asiguse, akauliza, "Hii harufu ya nini?" nikamwambia ni rangi, akaenda kutafuta tai, nami nikajaribu kunawa mikono, ikakataa kutoka. Papa Kabange akaingia na koti lake, wakaingia shangazi wengine na wajomba, viti vikajaa. Korido ilikuwa imejaa takataka zote tulizotoa sebuleni, masufuria, magodoro, baiskeli isiyo na gurudumu, basi nikaufunga mlango wa korido ili wageni wasione. Halafu nikaufunga mlango wa mbele, kama desturi inavyotaka. Ukaingia kwenye fremu taratibu, bila sauti, kama kidole kwenye bukari, ugali wetu, na mimi nikasimama pale nikijisifu kwamba haujawahi kufunga vizuri namna ile.

Kisha tukangoja. Boti kumbe ilikuwa imeonekana kwa mbali tu, upepo ukaisumbua, ikachelewa kutia nanga, na sisi tumekaa ndani, madirisha wazi lakini jua liko juu ya mabati, jasho linatutoka, shangazi mmoja anajipepea na kifuniko cha sufuria. Nilikuwa na furaha hata hivyo. Dirishani niliona nyumba ya Mama Clarisse imefungwa, kimya, na nikafikiri, leo na wewe utavuka njia, utakaa kwenye kiti changu, utatazama mlango wangu.

Wakafika wakiimba. Walikuwa wengi, wazee kwa vijana, wamebeba kreti za vinywaji, gunia la samaki wakavu, majogoo wawili wamefungwa miguu, na mbele yao mama yake Gaston, mwanamke mwembamba mwenye macho matulivu, amelowa maji ya ziwa mpaka magotini. Mlango ukabishwa.

"Hodi hapa."

Papa Kabange akavuta koti, akatuangalia sote kuhakikisha tunasikiliza, akawauliza wao ni akina nani. "Ninyi njo banani? Munatoka wapi?"

"Tunatoka Moba," akajibu msemaji wao, mzee mmoja mwenye sauti nzito aliyekuwa katekista. "Tulisikia hapa kuko mutoto muzuri wa kike."

"Hapa hakuna mutoto. Hapa kuko wazee tupu, na wamelala."

"Tumeleta samaki ya kuwaamusha."

Kicheko ndani, kicheko nje. Papa Kabange akanoga. Akasema ufunguo hauko, umechukuliwa na mtu aliyeenda Manono kwa baiskeli, wao wakasema wamebeba majogoo, ambao watamwita arudi. Akasema kumbe hapana, amekumbuka, ufunguo uko Bendera, kule kwenye bwawa la umeme, wao wakasema basi wataweka na kreti moja zaidi ili uletwe kwa waya. Watu walicheka hadi mbavu zikauma, na hata mama yake Gaston, nilimwona kupitia vyuma vya dirisha, alifunika mdomo. Mwishowe Papa Kabange akasema kwa sauti kubwa, "Bon. Tumewasikia. Mulango ufunguliwe."

Nikainuka mimi mwenyewe, kwa madaha, nikazungusha ufunguo, nikavuta kitasa. Hakuna kitu. Nikavuta tena, nikitabasamu. Mlango ulikuwa umetulia pale kama sehemu ya ukuta. Mume wangu akaja akanisogeza kando, akavuta, mkono wake ukateleza kwenye ufa wa fremu ambako rangi ilikuwa imefurika, akautazama, ulikuwa manjano. Akaunusa. Nitakumbuka sura yake mpaka nizikwe.

"Mama Furaha," akasema polepole, "ulipaka na ile ya chini ya kitanda?"

"Ni rangi."

"Ile tunapakaka boti. Katikati ya mbao, ishikane. Ili maji isiingie."

Nikamwambia avute. Wakavuta yeye na wajomba wawili, wakashika kitasa, kikang'oka kikabaki mikononi mwao, kitasa kizima, na mlangoni vikabaki vitobo. Tukaenda kwenye mlango wa korido, nao ulikuwa umeshika vilevile (nilikuwa nimeupaka kwa uangalifu zaidi huo). Madirisha yote yana vyuma, mume wangu alivitia mwenyewe kwa sababu ya wezi, na ni vyuma vizuri.

Nje walikuwa wanangoja. Papa Kabange akapanguza uso, akasogea mlangoni akasema, na safari hii hakuwa anacheza, "Wazee, mutusamehe, mulango imeshikwa na rangi. Rangi iko bado mubichi."

Nje kicheko kikalipuka. "Hii ni muzuri," akasema yule katekista. "Hii ya rangi hatujaisikia bado. Basi tunaongeza jogoo."

"Hapana, papa, ni kweli. Haifunguki."

"Tunaongeza na kitenge ya bibi."

Mnaona balaa lenyewe. Mtu ambaye ametoka kukuambia ufunguo uko Bendera, sasa utamwamini nini? Kadiri Papa Kabange alivyoapa, ndivyo walivyopandisha, na walipokwisha kutaja kila kitu walichobeba hata mwavuli, wakaacha kubembeleza. Tukasikia minong'ono. Kijana mmoja wa kwao akasema hapa tunachezewa, na mwingine akamwambia anyamaze. Kisha sauti ya mama yake Gaston, ndogo, haina hasira hata kidogo, na hiyo ndiyo iliyonikata maini: "Tumesikia jibu. Mubebe vintu, turudi kwenye boti kabla upepo haujainuka."

Nikakimbilia dirishani. Mama wa binti hasemi siku ile, ni mwiko, anakaa kimya na kitambaa chake mpaka mambo yaishe, lakini mimi nilikamata vyuma kwa mikono miwili nikaita. Nikasema musiende, hatujakataa, ni mimi niliyepaka, tazameni mikono yangu, nikaitoa nje katikati ya vyuma, manjano mpaka viwiko. Mama yake Gaston akageuka akanitazama kwa huruma, vile mtu anavyomtazama mgonjwa, lakini vijana walikuwa tayari wameinua kreti mabegani. Gaston mwenyewe alikuwa amesimama njiani, na sura yake sitaki kuieleza.

Na kule ng'ambo, mlango wa kijani ukafunguka, na Mama Clarisse akatokea kizingitini. Hakuja. Alisimama tu, mikono kifuani, kitenge kimemkaa, fremu nyeupe imemzunguka pande zote, na pembeni yake, kwenye pazia la dirisha, nikaona vidole vya Furaha vimelisogeza. Binti yangu alikuwa anawaona wanaondoka. Na mimi nilijua kitu kimoja cha kufanya, na bado sikukifanya. Nawaambia ukweli kama rafiki zangu: watu wa Moba walikuwa wanaenda na furaha ya mtoto wangu, na mimi bado nilikuwa naangalia jinsi ile nyeupe ilivyokutana na kijani bila kumwagika hata tone.

"Yaya," nikaita.

"Nakusikia, Mama Furaha."

"Wapokee kwako."

"Unasema?"

Alikuwa amesikia. Njia yenyewe ni nyembamba, kuku anaivuka kwa hatua chache. Nikarudia kwa nguvu zote, na majirani waliokuwa wamejaa kwenye nyua zao wote wakasikia: "Yaya, naomba. Wapokee watoto wetu kwenye nyumba yako."

Basi akashuka ngazi, akaenda moja kwa moja kwa mama yake Gaston, akamshika mkono akamwambia maneno ambayo sikuyasikia, wakacheka kidogo, na msafara mzima ukageuka. Nikawaona wanaingia mmoja mmoja kwenye ule mlango, majogoo, samaki, kreti, na kila aliyeingia aliinua macho kutazama fremu. Kila mmoja. Niliwatazama wote kupitia vyuma.

Sisi tulitolewa na jirani mmoja fundi wa matofali, alikuja na nondo na nyundo, akaingiza ncha kwenye ufa, akakandamiza, na mlango ukang'oka pamoja na fremu na kipande cha ukuta, vumbi likatumwagikia juu ya nguo zetu za sherehe. Tulivuka njia tukiwa kama watu waliookolewa. Mume wangu ana tai yenye alama za vidole vya manjano, Papa Kabange koti lake limenata na la mjomba mmoja, wakawa wanatembea bega kwa bega bila kupenda. Mimi nilikuwa mbele, nina haraka, nataka nikae karibu na mtoto wangu.

Mlango wa kijani ulikuwa umefungwa.

Nikabisha. Ikajibu ile sauti nzito ya katekista, na niliisikia imejaa raha: "Ninyi njo banani? Munatoka wapi?"

Papa Kabange akafumba macho. "Tunatoka ng'ambo ya njia, papa. Njo sisi wenye binti."

"Hatuwajui. Na ufunguo haiko hapa, tuliusahau kwenye boti."

Watu wote walicheka, ndani na nje, mpaka wale wa kwenye nyua, na mimi nikafurahi pia, maana anayekutania hajakuacha. Papa Kabange akaahidi soda, akaahidi mbuzi, wakakataa. Wakasema hawataki kitu cha kuliwa. Wakanong'onezana, na nikasikia sauti ninayoijua, tamu, haina haraka.

"Mama Furaha peke yake ajibu," akasema Mama Clarisse nyuma ya mlango. "Atuambie tu kitu kimoja. Mulango yangu anaiona namna gani?"

Nilisimama na mikono yangu ya manjano, pua yangu iko karibu na ile mbao, nikaona jinsi alivyoisugua na msasa kabla ya kupaka, hakuna hata unywele wa brashi uliobaki ndani, na pale mlango unapokutana na fremu kulikuwa na upenyo mwembamba, safi, umeachwa makusudi ili rangi mbili zisigusane. Nilikuwa nimeutazama mlango ule kila siku na sikuwahi kuuona upenyo huo.

"Ni muzuri," nikasema.

"Hatusikii."

"Ni muzuri kupita yangu. Ni muzuri tangu siku ya kwanza, nilikuwa ninajua, na iliniuma. Sasa mufungue, nimuone mutoto wangu."

Ukafunguka bila kulia, kwa kidole kimoja tu, na aliyeufungua alikuwa Furaha mwenyewe, ambaye hakupaswa kuonekana mpaka aitwe. Alinikumbatia pale kizingitini, mbele ya wakwe, na nilipomwachia alikuwa na mikono yangu miwili mgongoni, manjano, vidole vyote kumi, na ndivyo alivyosimama akaulizwa, kama desturi inavyotaka, kama anamjua Gaston, na ndivyo alivyojibu kwamba anamjua.

Leo Furaha na Gaston wako Moba. Mlango wangu niliurudisha bila rangi, mbao tupu, na mume wangu amelifunga lile kopo kwa waya na kulipeleka ufukweni, ingawa hana sababu ya kuogopa, sitashika brashi tena maishani, hata ya kiatu namwachia yeye. Wivu sijauacha, nisiwadanganye. Juzi Mama Clarisse ameweka mapazia mapya, na niliyaona tangu yakiwa kwenye mfuko. Lakini siku hizi nikiona kitu cha mtu kimenikaa kooni, navuka njia, naketi, naomba maji, namwambia usoni, "Yaya, hiki chako ni kizuri mpaka kinaniuma," naye anacheka, ananiongezea sukari kwenye chai, na mimi narudi nyumbani ningali na hasira kidogo, lakini naingia ndani na kutoka bila kuhitaji nondo.